Thoreau hakuwa mkaa-pweke wa porini

Wengi humkumbuka Henry David Thoreau, mwandishi Mmarekani wa karne ya 19, kama mtu aliyeipa jamii kisogo akaenda kuishi peke yake nyikani. Kitabu chake mwenyewe, Walden, cha mwaka 1854, kinasema mengine.

Kibanda chake kilikuwa kando ya ziwa dogo la Walden, mwendo wa kama nusu saa kwa miguu kutoka mji wa Concord, Massachusetts, kwenye ardhi ya rafiki yake Ralph Waldo Emerson, mwandishi na mwanafalsafa. Reli ilipita jirani. Alihamia tarehe 4 Julai 1845, akaondoka Septemba 1847. Ndani alikuwa na viti vitatu: kimoja cha upweke, viwili vya urafiki, vyote vitatu vya jamii. Mtu anayekwepa watu, kiti cha tatu cha nini? Tena kuna sura nzima kuhusu wageni wake. Na Julai 1846, alipokwenda mjini kuchukua kiatu kwa fundi, alikamatwa kwa kukataa kulipa kodi ya kichwa kwa serikali iliyokubali utumwa, akalala jela usiku mmoja.

Yeye na Emerson waliamini kwamba anayezama ndani ya nafsi yake hukuta humo ukweli uleule ulioenea ulimwenguni. Kujitenga kulikuwa namna ya kuutazama ulimwengu vizuri zaidi. Ralph Ellison, mwandishi Mmarekani mweusi wa karne ya 20 ambaye baba yake alimpa jina la Emerson, aliligeuza wazo hilo kuwa riwaya: msimulizi wa Invisible Man (Mtu Asiyeonekana, 1952) amejificha chini ya ardhi, lakini mwishoni anaamua kutoka, maana huenda hata asiyeonekana ana wajibu kwa wenzake.