Mzee kapata kiharusi, maneno hayatoki: maswali kuhusu afasia na tiba ya usemi

Baba alipata kiharusi, mguu umeanza kurudi ila akitaka kusema kitu anakwama, au anasema "meza" akimaanisha "maji". Ndo akili imeshaharibika?

Hapana, na hili naomba mlishike kabla ya mengine yote. Hiyo hali inaitwa afasia, yaani sehemu ya ubongo inayoshughulika na lugha imeumia. Kwa watu wengi sehemu hiyo iko upande wa kushoto, na upande huohuo wa ubongo ndo unaendesha mkono na mguu wa kulia, kwaiyo mtu aliyepooza kulia mara nyingi utakuta na maneno yamemponyoka. Lakini anakujua wewe ni nani, anajua ada ya mtoto haijalipwa, na anajua kabisa mnamjadili mbele yake utadhani hayupo. Kati ya watu watatu wanaopata kiharusi, karibu mmoja anapata na afasia, na inaletwa pia na ajali ya kichwa au uvimbe kwenye ubongo, si kiharusi peke yake.

Kuna jirani yetu naye alipata kiharusi, yeye anaongea ila kama mlevi. Ni kitu kimoja?

Siyo. Huyo misuli ya mdomo na ulimi imelegea, maneno anayo yote ila matamshi ndo mabovu, mpe kalamu ataandika vizuri kama mkono unafanya kazi. Mwenye afasia shida iko kwenye lugha yenyewe. Wengine wanaelewa vizuri ila wanatoa neno mojamoja kwa shida, "chai... sukari... hapana". Wengine wanaongea harakaharaka, sauti nzuri, ila maneno hayashikani na wenyewe hawajui kama hayaeleweki, na hawa wanashindwa pia kuelewa mnayowaambia. Kuna wanaopata vyote kwa pamoja, ndo maana lazima apimwe na mtu anayejua.

Anasoma Alhamdu yote, anahesabu moja mpaka kumi, ukimwamkia anaitika marahaba, halafu kuomba maji hawezi! Si anatufanyia makusudi?

Hili linawaumiza sana wagonjwa kwa sababu ndugu wakishaamini ni makusudi wanaanza kumgombeza. Maneno tuliyoyarudia maisha yetu yote, dua, Baba Yetu, salamu, siku za wiki, nyimbo, hata matusi, yanatoka yenyewe bila mtu kuyatafuta. Kuomba maji ni tofauti, hapo inabidi alitafute neno, alichague, alipange, na hiyo ndo kazi iliyoumia. Kwaiyo shehe au mzee wa kanisa akitoa tusi ambalo hajawahi kulitamka, msishangae na msimwaibishe, hakulichagua.

Na hicho kinachotoka chenyewe ndo mlango wa kuingilia. Mwaka 1973 wataalamu wa Boston kule Marekani walichapisha njia ya kumfundisha mgonjwa kusema kwa kuimba, mnaimba sentensi fupi ya kila siku taratibu, "na-ta-ka ma-ji", huku mnagonga mkono wake wa kushoto kwa kila silabi, baadaye mnapunguza wimbo kidogokidogo mpaka abaki anaisema. Gabby Giffords, mbunge wa Marekani aliyepigwa risasi ya kichwa Januari 2011, alipata afasia na kuimba kulikuwa sehemu ya matibabu yake. Miaka tisa baadaye alihutubia mkutano mkuu wa chama chake, kwa maneno machache aliyoyafanyia mazoezi sana, na bado afasia anayo mpaka leo.

Basi si aandike tu au atume meseji?

Mara nyingi kuandika na kusoma navyo vimeumia, maana ni lugha ileile. Hata namba zinamchanganya, kwaiyo msishangae akisahau namba ya siri ya simu, na tafadhali isiwe sababu ya kumwondoa kwenye maamuzi ya hela zake. Kinachosaidia ni picha. Pigeni picha kwenye simu yake, choo, dawa, kikombe chake, sura za watoto, duka analopenda, afungue na kuonyesha kidole.

Huyo mtaalamu wa tiba ya usemi anafanya nini hasa? Wanaongea tu?

Kwa nje unaweza kuona wanapiga stori kweli. Chukulia mama ameonyeshwa kitunguu na jina halitoki. Mtaalamu hamtajii, anamuuliza kinakaa wapi, mama anaonyesha jikoni. Unakifanyaje? Anafanya mkono wa kukata. Ukikata inakuwaje? Mama anajifuta macho, anacheka, na hapohapo linatoka "kitu... kitunguu!" Kila jibu lilikuwa linaamsha vitu vinavyokaa jirani na lile neno. Asipopata anaanziwa, na hapa kwenye Kiswahili chetu mtu awe makini, ukimpa "ki" peke yake hujamsaidia chochote maana kiti, kisu, kijiko na kikombe vyote vinaanza hivyo, mpe "kitu..." halafu msubiri.

Kazi yake nyingine ni kuangalia kama anameza salama, kwa sababu wagonjwa wengi wa kiharusi chakula na maji vinapita njia ya hewa na kuleta nimonia. Na anawafundisha ninyi wa nyumbani, kwa maoni yangu hiyo ndo nusu ya tiba.

Alikuwa anaongea Kichaga, Kiswahili na Kiingereza. Tumrudishe kwa lugha ipi?

Ile inayokuja. Mara nyingi lugha zote zinaumia na zote zinarudi pamoja, ila wapo wanaoanza na lugha ya utotoni na wapo wanaoanza na ile waliyokuwa wanaitumia kila siku kazini. Mwambieni mtaalamu lugha zote alizokuwa nazo na alizitumia wapi. Akichanganya mwacheni achanganye, msimkatie sentensi ili kumsahihisha.

Nyumbani tuongee naye vipi?

Zimeni redio na tivi kwanza. Aongee mtu mmoja, mkae mnatazamana, sentensi fupi ila za mtu mzima, siyo sauti ya kumbembeleza mtoto na siyo kupaza sauti, masikio hayajaumia. Badala ya "utakula nini?" shika ndizi na mkate, muulize "hii au hii?" Halafu nyamaza. Kunyamaza ndo kugumu kwetu sote, sekunde chache tu tunaona aibu kwa niaba yake tunammalizia, na kumbe neno lilikuwa njiani. Kitu kingine ambacho familia nyingi hazijui, ndiyo na hapana zinaweza kubadilishana, anasema ndiyo huku anataka hapana, kwaiyo jambo kubwa kama dawa au pesa muulize tena kwa kuligeuza swali, na umwonyeshe dole gumba juu au chini.

Imeshapita mwaka. Tumechelewa?

Maneno yanarudi kwa kasi zaidi miezi mitatu ya mwanzo, lakini mtu anaweza kuendelea kupata maneno hata miaka baadaye akifanya mazoezi. Kinachohitajika ni masaa mengi, siyo kuonana na mtaalamu mara moja kwa mwezi na kurudi kulala. Wataalamu kwetu bado wachache sana, Chuo Kikuu cha Makerere ndo walianza kuwafundisha Uganda mwaka 2008. Ulizeni hospitali ya rufaa, kitengo cha utengamao (cha mazoezi ya kumrudisha mgonjwa kwenye hali yake) au cha masikio, pua na koo, na mkimpata ombeni mazoezi ya nyumbani, myafanye kila siku muda mfupimfupi kabla hajachoka.

Na ikimtokea mtu ghafla sasa hivi?

Maneno kupotea ghafla ni dalili ya kiharusi, hata kama yamerudi baada ya dakika kumi. Hospitali saa hiyohiyo, angalieni saa ilipoanza kwa sababu dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda kwa kawaida inatolewa ndani ya masaa manne na nusu tangu dalili zianze, tena baada ya kipimo cha CT scan, yaani picha ya ndani ya kichwa. Msimpe chakula, maji wala aspirini njiani.

Siku hizi amekuwa mkali, analia, hataki wageni.

Fikiria unajua unachotaka kusema halafu kila ukifungua mdomo watu wanakuhurumia. Waiteni marafiki zake wa bao na kahawa, mmojammoja, bao halihitaji maneno mengi, muwaelekeze kabla hawajaingia wamuulize swali moja kwa wakati na wasimmalizie. Akiwa hataki kula, hapati usingizi, au amejifungia wiki mbili mfululizo, mwambieni daktari, sonona (huzuni nzito isiyoisha) baada ya kiharusi ni ugonjwa na ina matibabu yake.