Kupumzika si kupoa kiroho

Wapo waumini wanaoamini kwamba Mkristo aliyechoka imani yake imepungua, kwa hiyo dawa yake ni kuongeza mikesha na mifungo. Anayekosa mkesha mmoja huambiwa amepoa. Maneno hayo yanawaumiza watu wazuri.

Nenda Iten, Kenya, kwenye mwinuko wa mita 2,400 hivi, uwatazame wanaojiandaa kwa marathoni ya kilomita 42.195. Mabingwa wenyewe, siku nyingi, hukimbia polepole huku wakipiga soga. Mazoezi makali yana siku zake, na baada ya hayo ni kula na kulala. Misuli huchakaa mazoezini. Hujengeka upya na kupata nguvu wakati wa mapumziko. Asiyepumzika huishia na jeraha.

Msomeni nabii Elia, 1 Wafalme 19. Ametoka kuwashinda manabii wa Baali katika mlima Karmeli, sasa yuko chini ya mti wa mretemu anaomba afe. Malaika hamkemei, wala hamwambii afunge. Anamletea mkate uliookwa juu ya makaa na gudulia la maji. Elia anakula, analala tena, anaamshwa ale mara ya pili. Ndipo anatembea siku 40, mchana na usiku, hadi mlima Horebu.

Yesu naye aliwaambia mitume waliorudi kutoka kazini: "mkapumzike kidogo" (Marko 6:31). Basi mama anayehudumu kwaya, jumuiya na wagonjwa, akiomba wiki moja ya kukaa nyumbani, apewe, na asiulizwe kama bado ameokoka.