Noti ya 440 haina sumu

Ukianza kusikiliza kwaya za kisasa za nyimbo takatifu, hukawii kuletewa ujumbe huu kwenye magrupu: eti muziki wa leo hupangwa kwa noti ya A (la), ambayo ala zote hulinganishwa nayo, kuwa na mitetemo 440 kwa sekunde ili kutuvuruga akili, na zamani ilikuwa 432, sauti ya uponyaji.

Si kweli. Zamani hapakuwa na kipimo kimoja; kinanda cha kanisa moja kilipishana na cha mji wa jirani. Ufaransa iliweka 435 kisheria mwaka 1859. Mwaka 1939, mkutano wa kimataifa jijini London ulipendekeza 440 ili wanamuziki wa nchi mbalimbali waelewane. Tena sekunde yenyewe ni kipimo walichobuni wanadamu, kwa hiyo 432 haibebi siri yoyote ya maumbile.

Jipimie. Weka programu ya kupimia noti kwenye simu, kisha sikiliza kwaya inayoimba bila ala. Mara nyingi sauti hushuka kidogo kidogo hadi mwisho, na wimbo bado unakugusa. Watu huchanganyikiwa kwa sababu wimbo ulioshushwa kidogo huweza kusikika mtulivu zaidi, hasa ukishaambiwa utakutuliza.

Tafadhali usiusambaze ujumbe huo. Unawatia hofu wageni kabla hawajasikia hata wimbo mmoja.