Kidole chako hakiendi popote

Jana tena. Mhasibu wa duka la vipuri Kariakoo kagoma kuweka ufunguo wa siri (passkey, yaani kuingia kwa kidole au PIN ya simu badala ya kutegemea nenosiri tu) kwenye barua pepe ya ofisi: "Kaka, alama zangu za vidole siwapi Wazungu."

Hofu hiyo naijua ilikotoka. Kabla laini za simu zisizosajiliwa kwa alama za vidole hazijaanza kuzimwa Januari 2020, tulipanga foleni kuweka kidole kwenye kimashine cha wakala, na alama zilisafiri kweli kwenda kulinganishwa na za NIDA, wenye vitambulisho vya taifa. Kwenye ufunguo wa siri hazisafiri. Kidole kinairuhusu simu tu kutumia ufunguo binafsi uliomo ndani yake. Simu inasaini swali la tovuti, tovuti inahakiki saini kwa ufunguo wa umma, pacha wa ule binafsi ambao tovuti ndiyo inautunza, basi. Hata hifadhidata nzima ikiibwa, mwizi anaondoka na funguo za umma ambazo hazimfungulii kitu.

Tena kidole si lazima. PIN ya simu inafanya kazi ileile, na hapo ndipo ninapochoka. Mtu anaogopa kuibiwa kidole na Marekani, ilhali PIN yake ni mwaka wa kuzaliwa na anaibonyeza ndani ya mwendokasi, abiria wamemwegemea begani. Kibaka aliyeiona kabla ya kukwapua simu hana shida na kidole chako. Ukiuweka ufunguo wa siri kama hatua ya pili baada ya nenosiri, angalau nenosiri bado linamsubiri. Labda uwe umelihifadhi kwenye simu hiyohiyo. Umelihifadhi, najua.

Faida yenyewe iko kwingine kabisa. Namba sita za uthibitisho zinazokuja kwa meseji utamsomea tapeli wa "huduma kwa wateja", au utazijaza kwenye ukurasa wa bandia naye azitumie palepale. Ufunguo wa siri umefungwa kwa anwani ya tovuti: herufi moja ikibadilika, simu haisaini hata ukiibembeleza. Halafu watu wanauweka na kuiacha meseji "kwa dharura". Tapeli naye atachagua hiyo ya dharura!

Kinachonisumbua mimi ni usawazishaji, yaani funguo kunakiliwa kwenye akaunti yako ya mtandaoni ili zifike kwenye vifaa vyako vyote. Funguo zikikaa Google au iCloud, kupoteza simu si msiba, lakini akaunti hiyo na PIN vinabeba kila kitu. Wahasibu nawashauri funguo za USB, vile vidude vya kuchomeka vinavyobeba ufunguo, viwili, kimoja kilale kabatini. Shangazi yangu je? Sina jibu safi. Nimemwachia usawazishaji, meseji nimezima, na misimbo ya akiba, ya kuingilia mambo yakikwama, iko kwenye daftari lake la vikoba.