Uharamia wa gemu: nakala ya bure inampotezea nini mtengenezaji?

Uharamia wa gemu ni kunakili, kusambaza au kupakua gemu bila kulipa na bila idhini ya mwenye hakimiliki. Wengi wakishajua hilo hukimbilia hesabu moja: nakala milioni zimeibwa, basi mauzo milioni yamepotea. Hesabu hiyo si sahihi. Kijana asiye na dola 60 za kununua gemu asingeinunua hata kama nakala ya wizi isingekuwepo. Anayepunguza mauzo ni yule aliyekuwa na pesa na nia ya kununua, akaghairi kwa sababu ameipata bure.

Hata hivyo, hasara ipo, na kwa mtengenezaji mdogo inauma. Aprili 2013 ndugu wawili wa Greenheart Games walitoa Game Dev Tycoon kwa dola 8 hivi. Humo mchezaji anaendesha kampuni ya kutengeneza magemu. Wenyewe ndio waliopandisha kwenye torrenti, yaani njia ya watu kugawiana mafaili mtandaoni, nakala ya bure, ila waliitega: ukishacheza kwa saa kadhaa, maharamia wanaiba magemu ya kampuni yako mpaka inafilisika. Siku ya kwanza wachezaji 214 walikuwa na nakala halali, na 3,104 walikuwa na ile ya torrenti. Chukua kwamba mmoja tu katika kila kumi wa hao 3,104 angelipa. Hao ni watu 310, na mauzo ya siku hiyo yangezidi mara mbili.

Wakati nao una uzito mkubwa, kwa sababu gemu nyingi za kompyuta huuzika zaidi majuma ya mwanzo. Utafiti uliochapishwa mwaka 2024 kuhusu magemu yenye kinga ya Denuvo, programu inayozuia gemu kunakiliwa, ulikadiria kwamba kinga ikivunjwa katika juma la kwanza, mapato hushuka kwa takriban asilimia 20. Ikidumu majuma 12, kuvunjwa kwake hakupunguzi mapato kwa kiasi cha maana. Ndiyo maana naona si haki kumwachia mnunuzi halali usumbufu wa kinga hizo miaka nenda miaka rudi.

Konsoli, yaani mashine maalumu ya kuchezea gemu, ni ngumu zaidi kuibia, kwa kuwa imefungwa isikubali programu isiyoidhinishwa. Lakini kufuli hilo huvunjwa. Mwaka 2000 wadukuzi waliiwezesha Dreamcast ya Sega kusoma CD za kawaida zilizochomwa nyumbani, bila hata kuifungua mashine. Machi 2001 Sega iliacha kuitengeneza, ingawa madeni na ushindani wa PlayStation 2 vilichangia zaidi.

PlayStation 2 yenyewe iliwekewa chipu za wizi, zinazoiwezesha kusoma diski zilizonakiliwa, kila pembe ya dunia, na bado iliuza zaidi ya mashine milioni 150. Usidanganyike na idadi hiyo. Faida kubwa ya kampuni za konsoli hutoka kwenye magemu, kwa kuwa kila diski halali inayouzwa huwaletea mrabaha. Kibanda cha gemu chenye PS2 ya chipu na diski za kuchoma kilikuwa kimelipia mashine tu. Kwa magemu yote yaliyochezwa humo, walioyatengeneza hawakupata hata senti.