Je, wajua kwa nini tindikali ya betri ina hidrojeni mbili, na ya tumboni moja tu?

Tindikali iliyomo kwenye betri ya gari huandikwa H₂SO₄. Ile inayosaidia kumeng'enya chakula tumboni ni HCl, na ile inayotiwa kwenye soda za kola ni H₃PO₄. Wanafunzi wengi hukariri fomula hizi moja moja, kisha zinawapotea kwenye chumba cha mtihani. Inasikitisha, kwa sababu idadi ya hidrojeni inapatikana kwa hesabu ndogo tu.

Tindikali ikiingia majini huachia ioni (chembe zenye chaji ya umeme) za hidrojeni, H⁺, kila moja ikiwa na chaji chanya moja. Inayobaki ni ioni yenye chaji hasi. Kloridi, Cl⁻, ina hasi moja, kwa hiyo H⁺ moja inatosha. Salfeti, SO₄²⁻, ina mbili, na fosfeti, PO₄³⁻, ina tatu. Fomula kamili haina chaji, basi ongeza H⁺ mpaka chanya na hasi zilingane. Ukiandika HSO₄ ukaishia hapo, hasi moja haijapata mwenzake: umeandika ioni, HSO₄⁻. Nayo ipo kweli ndani ya betri, na kwa wingi, maana hidrojeni ya kwanza huachia upesi kuliko ya pili.

Jina nalo hufuata mwisho wa jina la ioni. Ioni inayoishia na -eti hutoa tindikali ya -iki: nitreti, NO₃⁻, hutupa asidi (yaani tindikali) ya nitriki, HNO₃. Ikiishia na -aiti, yaani oksijeni imepungua, tindikali huishia na -asi: nitraiti, NO₂⁻, hutupa asidi ya nitrasi, HNO₂.

Kloridi haina oksijeni hata moja, ndiyo maana tindikali yake huongezewa hidro- mwanzoni: asidi ya hidrokloriki. Kiambishi hicho kina kazi kubwa. Asidi ya kloriki ipo, ni HClO₃, inatokana na kloreti, na inaweza kuwasha vitu vinavyoungua. Kuchanganya majina hayo mawili maabara ni hatari.

Mwanakemia Mfaransa Lavoisier, ambaye mwaka 1787 yeye na wenzake walitoa utaratibu mpya wa kutaja kemikali, aliamini kuwa oksijeni ndiyo inayofanya kitu kiwe tindikali. Mwaka 1810 Mwingereza Humphry Davy alitangaza kwamba klorini ni elementi, wala si kampaundi yenye oksijeni ndani yake. Kumbe HCl ilikuwa tindikali kali bila oksijeni yoyote, na macho yakaanza kugeukia hidrojeni.

Lakini si kila hidrojeni unayoiona kwenye fomula inahesabika. Siki ina asidi ya asetiki, CH₃COOH, yenye hidrojeni nne. Ioni yake, asiteti, ni CH₃COO⁻: hasi moja, kwa hiyo ni hidrojeni moja tu inayoachia. Tatu zilizobaki zimeshikwa na kaboni, na maji hayaziondoi. Ndiyo sababu nasisitiza kuanza na ioni.

Chukua okzaleti, C₂O₄²⁻, iliyomo kwenye mchicha. Inaishia na -eti, basi ni asidi ya okzaliki. Chaji ni hasi mbili, basi H₂C₂O₄.