Jiwe la Kilikijan: Magenge ya Namba yalivyozaliwa na yalivyotoka gerezani hadi mitaani Cape Town

Kila baada ya wiki chache kuna mtu hunitumia video ya aina ileile: mwanamume kifua wazi, mwili umejaa michoro ya kuchanja kwa sindano, tarakimu 28 shavuni, meno ya mbele hana, anazungumza lugha isiyoeleweka huku vidole vikienda juu na chini. Ujumbe unaoambatana nayo nao haubadiliki sana: "Mwalimu, hawa ni wachawi?" Nimewafundisha maofisa wa magereza na wa ustawi wa jamii kwa miaka ya kutosha kujua kwamba swali hilo halifai kuchekwa. Hawa si wachawi. Ni askari wa jeshi lisiloonekana, na jeshi lenyewe lina zaidi ya miaka 100.

Meno tuyaondoe kwenye hesabu mapema. Kung'oa meno ya mbele ni mtindo wa zamani wa Cape Town, na hata mama mwuza samaki asiyejua genge lolote unaweza kumkuta hivyo. Tarakimu ndiyo habari. Katika magereza ya Afrika Kusini kuna magenge matatu, 26, 27 na 28, na kwa pamoja huitwa Namba. Mtu haulizwi kama ni mwanachama wa genge. Anaulizwa: wewe ni nani? Jibu lake lazima liwe hadithi.

Hadithi yenyewe, kwa ufupi, huenda hivi. Aliishi mzee mwenye hekima aliyeitwa Po. Akaona vijana wanaondoka vijijini kwenda kwenye machimbo ya dhahabu na hawarudi. Akafunga safari kwenda kujionea, akakuta ardhi inawameza. Akakaa pangoni kando ya njia. Siku moja akapita kijana Nongoloza, baadaye akapita mwingine, Kilikijan. Po akawazuia wasiende kuichimbia wengine dhahabu, akawafundisha kuichukua njiani. Wakapata wafuasi. Wakaenda kwenye shamba la kaburu mmoja, Rabie, wakamchukua fahali wake, Rooiland, wakamchinja. Sheria za kundi zikaandikwa mara mbili: kwenye ngozi ya Rooiland na juu ya jiwe. Nongoloza akabeba ngozi, Kilikijan akabeba jiwe. Ngozi hukunjwa, jiwe ni mzigo. Likamponyoka, likabingirika, likavunjika, na nusu yake ikapotelea mtoni.

Siku moja Kilikijan akamkuta Nongoloza amelala na kijana wa kundi aitwaye Magubane. Akamshutumu kwa kuvunja sheria. Nongoloza akajibu kwamba sheria inaruhusu, imeandikwa kwenye ile nusu ya jiwe uliyoipoteza wewe. Wakapigana, damu ikamwagika, wakagawana watu. Walioandamana na Nongoloza walikuwa wanane, wa Kilikijan saba. Ndiyo 28 na 27. Wale 26 wakaja baadaye, gerezani, kikundi cha watu sita wakiongozwa na mjanja mmoja aliyeitwa Grey. Hao hawakuwa na haja ya damu wala ya Magubane. Walitaka pesa. Watu wa Kilikijan wakakubali kuwalinda.

Masimulizi hutofautiana gereza hadi gereza, na kila genge hujipendelea. Lakini ukiielewa ile nusu ya jiwe umeelewa nusu ya ugomvi wote. Hakuna anayeweza kuleta ushahidi, maana ushahidi uko mtoni. Kwa hiyo anayeijua hadithi kwa kina, neno kwa neno, ndiye mwenye sheria mkononi. Mfungwa anayepanda cheo hupandishwa darasani kwanza, usiku, kwa kukaririshwa. Anayesimulia vibaya mbele ya wakubwa anaweza kuadhibiwa kuliko aliyepigana vibaya. Kwa maoni yangu kisu hakijawahi kuwa silaha kubwa ya Namba kuliko kumbukumbu, na hilo ndilo linalowaponyoka wengi wanaoandika habari zao.

Lugha inayosomewa darasa hilo huitwa sabela. Ni mchanganyiko wa Kizulu, Kixhosa, Kiafrikana na Kiingereza, na neno lenyewe kwa Kizulu lina maana ya kuitikia. Sisi wa Kiswahili tukisikiliza kwa makini tunashtuka kidogo. Cheo cha nyangi, daktari wa genge, kimetoka katika inyanga ya Kizulu, ndugu wa damu wa neno letu mganga. Mabalang ni karani, mwandishi wa kumbukumbu, ingawa hakuna hata karatasi moja: anaandika kichwani. Kuna glasi, mwenye darubini ya kuwaza tu, anayetazama nani anakuja. Kuna majaji, mahakimu, makapteni na majenerali. Kila mmoja ana sare kamili yenye rangi na vifungo vyake, na sare hiyo haipo. Mtu aliyevaa kaptura ya gereza huelezea koti lake la kijeshi kifungo kwa kifungo, na wenzake wanaliona.

Sasa tutoke kwenye hadithi tuingie kwenye historia, maana Nongoloza alikuwepo kweli.

Jina lake lilikuwa Mzuzephi Mathebula, Mzulu aliyezaliwa mwaka 1867. Alikuwa mtunza farasi kwa Wazungu. Siku moja farasi akapotea, mwajiri akamtaka afidie kwa kazi ya muda mrefu bila malipo, naye akaona si haki, akaondoka. Dhahabu ya Witwatersrand iligunduliwa mwaka 1886, na Johannesburg ikaota kama uyoga. Mathebula akafika huko, akaajiriwa na Wazungu ambao kazi yao halisi ilikuwa kuteka watu barabarani. Kwao alijifunza ufundi. Alipojitenga nao akajiita Jan Note, akaanzisha kundi lake kwenye vilima vya kusini mwa mji. Wakajulikana kama Umkhosi Wezintaba, jeshi la milimani, na baadaye kama Waninawi. Jina la pili alilitoa kwenye Biblia: alisoma kwamba mji wa Ninawi ulimwasi Mungu, akaona unawafaa watu wanaoasi sheria za serikali.

Tunajua hayo kwa kuwa aliyaeleza mwenyewe mbele ya maofisa wa magereza mwaka 1912. Alieleza pia vyeo: kundi lilikuwa na mkuu wake aliye kama gavana, majenerali wa vita, mahakimu, madaktari. Alikuwa amenakili dola iliyomkamata. Jamhuri ya Makaburu ilikuwa na mahakimu, naye akawa nao. Waingereza walikuwa na jeshi lenye vyeo vilivyopangana kama ngazi, akachukua na hilo. Nasisitiza jambo hili darasani kila mwaka, kwa sababu maofisa vijana hudhani magenge huzaliwa pale ambapo serikali haipo. Hili lilizaliwa serikali ikiwa imewakalia watu shingoni.

Na lilihamia gerezani kwa sababu rahisi. Sheria za pasi ziliwafanya maelfu ya wanaume Waafrika wawe wahalifu kwa kukosa karatasi. Leo uko kwenye kambi ya mgodi, kesho uko selo, keshokutwa umerudi mgodini, wakati mwingine ukichimba ukiwa mfungwa. Watu walewale walizunguka na jeshi lao likazunguka nao. Polisi walipolivunja kundi vilimani katika miaka ya 1910, magerezani halikufa. Huko lilikuta kile ambacho genge lolote hukitamani: watu wengi ndani ya chumba kimoja, usiku mrefu, na mlango unaofungwa kwa nje.

Kila namba ikajitwalia kazi. Wale 28 hujinadi kwamba wanapigania haki za wafungwa, chakula bora na mahali pa kulala, na wakati wa ubaguzi wa rangi, mlo ulipopimwa kwa rangi ya ngozi, maneno hayo yalikuwa na uzito. Wale 27 ni watu wa damu, walinzi wa sheria kati ya magenge. Wale 26 ni wa pesa: kuiba kwa akili, ulaghai, biashara ya magendo, na kanuni yao ni kwamba pesa ipatikane bila kumwaga damu. Asiye na namba huitwa frans. Frans hana sauti, na kila alicholetewa na ndugu zake kina mwenyewe kabla hajakifungua.

Kuna upande ambao video hazionyeshi na ambao siwezi kuuruka. Ndani ya 28 kuna mistari miwili. Mstari wa dhahabu ni wa wapiganaji. Mstari wa fedha ni wa wale wanaogeuzwa "wake" wa wakubwa, na wengi hawakuomba: ni wageni waliokubali sigara, mkate au ulinzi siku ya kwanza bila kujua bei. Hadithi ya Magubane hutumika kuuhalalisha ubakaji huo kwa maneno ya heshima. Ofisa anayeifurahia hadithi bila kuona hilo amesahau kazi yake.

Mitaani ni habari nyingine, na kwa miaka mingi ilikuwa habari ya mbali. Sheria ya Maeneo ya Makundi ya mwaka 1950 iliwapa serikali ya kibaguzi uwezo wa kuwahamisha watu kwa rangi. Mwaka 1966 mtaa wa District Six, katikati ya Cape Town, ulitangazwa kuwa wa Wazungu, na zaidi ya watu 60,000, wengi wao wa kundi lililoitwa Coloured, yaani watu wa asili mchanganyiko, wakatupwa kwenye uwanda wa mchanga na upepo nje ya mji: Manenberg, Hanover Park, Bonteheuwel, Lavender Hill. Bibi akapelekwa huku, mjomba kule, jirani aliyekuwa akimkemea mtoto wa mwenzake akapotea kabisa. Watoto wa mahali hapo wakajipanga kona kwa kona. Wakajiita Americans, Hard Livings, Mongrels, Sexy Boys na majina mengine mengi. Kanuni ya zamani ilikuwa kwamba genge la mtaani huachwa getini: ukiingia Pollsmoor, gereza kubwa la Cape Town, ukijigamba kwa jina la mtaa wako, ulichekwa, ukafundishwa upya.

Kanuni hiyo ilibomolewa na pesa. Katika miaka ya 1980 na 1990 biashara ya Mandrax, vidonge vya kulevya, ilikuwa imewatajirisha wakuu wa mitaa, na utawala wa kibaguzi ulipokoma mwaka 1994 na mipaka kufunguka, kokeini nayo ikaja. Wakuu hao walipofungwa hawakutaka kukaa miaka wakikariri ili wapate cheo. Walinunua. Wazee wa Namba walilalamika kwamba ukoo unauzwa, lakini mlalamikaji naye ana njaa. Americans wakaegemea 26, Hard Livings wakaegemea 28, na vijana waliokuwa hawajawahi kulala selo hata usiku mmoja wakaanza kujiita kwa namba barabarani. Americans walikwenda mbali zaidi: waliichukua bendera ya Marekani yenye mistari 13 wakaisoma kwa kisabela. Mistari 6 myeupe ni kazi safi, ya pesa. Mistari 7 myekundu ni kazi ya damu. Sina hakika hata Po angeweza kubuni vizuri hivyo.

Yaliyofuata yako kwenye kumbukumbu za umma. Tarehe 4 Agosti 1996 umati wa PAGAD, kundi la wananchi waliopinga magenge na dawa za kulevya, ulimuua Rashaad Staggie, mmoja wa mapacha walioongoza Hard Livings, katika barabara ya London Road, Salt River. Pacha wake Rashied aliuawa kwa risasi Desemba 2019 katika barabara hiyohiyo. Katikati ya vifo hivyo viwili Bunge lilipitisha sheria ya kuzuia uhalifu wa kupangwa, Na. 121 ya mwaka 1998, inayoruhusu mavazi, ishara za mikono na michoro ya mwilini kuwa miongoni mwa vitu vinavyopimwa kujua kama mtu ni wa genge. Julai 2019 wanajeshi wakapelekwa kwenye mitaa hiyo. Jeshi liliondoka, kona zikabaki na wenyewe.

Je, haya yanatuhusu vipi sisi wa pwani hii? Neno moja linatosha. Huko Cape Town hiroini huitwa unga. Hawakulitafsiri. Wamelipokea pamoja na mzigo, ambao hutoka Afghanistan, hupakiwa majahazi kwenye fukwe za Iran na Pakistan, hushushwa pwani ya Kenya, Tanzania na Msumbiji, kisha hushuka kusini kwa barabara. Maneno husafiri na biashara, na hili limesafiri kilomita elfu kadhaa bila kupoteza hata herufi. Vijana wetu pia wako huko, wakiwemo Watanzania wanaolala chini ya madaraja karibu na bandari wakivizia meli. Wakikamatwa, wengi hupelekwa Pollsmoor.

Jaji Edwin Cameron wa Mahakama ya Katiba alipolitembelea gereza hilo mwaka 2015 alikuta upande wa mahabusu umejazwa zaidi ya asilimia 300 ya uwezo wake. Desemba 2016 Mahakama Kuu ya Western Cape iliamuru ushushwe hadi asilimia 150 ndani ya miezi 6. Msongamano ni rutuba ya Namba. Pale ambapo godoro moja ni la watu watatu, anayegawa magodoro ndiye serikali.

Familia huniuliza kuhusu ndugu aliyekamatwa kule. Jambo la kwanza: chini ya Mkataba wa Vienna wa mwaka 1963 kuhusu mahusiano ya kibalozi, kifungu cha 36, ana haki ya kuomba ubalozi wake ujulishwe bila kucheleweshwa. Aombe kwa sauti, mapema, na nyumbani mpige simu ubalozini bila kungoja. La pili ni la ndani ya selo. Atakapoulizwa ni nani, asitaje namba aliyoisikia kwenye video. Mtu anayejitia 28 bila kuijua hadithi huhesabiwa kuwa mwizi wa hadithi, na huko huo ni wizi mkubwa. Ajibu kwamba ni frans. Atanyang'anywa mkate, atalala karibu na choo, na asipokee zawadi yoyote usiku wa kwanza, hata sigara moja.